Sitara ya Mzabibu

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Nikikasirika naongea, nikiongea nasikika hadi kwa majirani, na nikishamaliza naomba chai. Nasema hivi mapema kwa sababu haya ninayotaka kuyaeleza yalinikuta nikiwa kimya, na watu wanaonijua wakiambiwa kwamba niliwahi kukaa kimya karibu mwaka mzima ndani ya nyumba yangu mwenyewe, hucheka. Niliolewa na mwanamume aliyenipenda kwa mashairi. Baada ya kuolewa nikawa nataka kwake kitu kimoja tu, kidogo mno, ambacho hata muuza maji hunipa bure: aniite kwa jina langu.

Kabla ya hapo nilikuwa naishi Mkonze na mama yangu, nashona. Magauni ya harusi, shela, nguo za wasimamizi, cherehani yangu ilikuwa hailali. Kwetu ni watu wa mjini, wale ambao babu zao walikuja na misafara ya biashara wakaona Dodoma panatosha. Ushairi tumeukuta nyumbani. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa hawezi kuomba hata maji ya kunywa bila kutia vina. Mama leo alikuwa taa, kesho mtungi, keshokutwa kanga mwenye madoadoa, na siku ya sikukuu alipandishwa cheo akawa mwezi. Mama alikuwa akimsikiliza huku anachambua mchele, halafu anamuuliza, “Haya, na huo mwezi wako umepewa pesa ya nyama?” Nikadhani mapenzi yote ndivyo yalivyo.

Nami nikatunga. Kikundi chetu cha washairi kiko kwenye simu, watu wa Dodoma mjini, Kondoa, Singida, wengi wao sijawahi kuwaona. Tuna adabu zetu ambazo mtu wa nje atatuona wendawazimu. Kwetu sisi mpenzi hatajwi jina. Unamchagulia kitu cha kumfunika, njiwa, asali, kisima, chochote, na hicho tunakiita sitara. Ukishakitoa hadharani, yule uliyemkusudia ana hiari. Akinyamaza, umekosa. Akikujibu kwa vina vile vile, akisema kama yeye ndiye kile kitu, basi ameivaa. Tangu hapo kila mtu atamwita hivyo, na ubeti wa mwisho wa mashairi yake, pale mtunzi anapoweka jina lake, ataweka sitara badala ya jina. Kuivua kuna njia moja tu. Uivue hadharani kama ulivyoivaa, kwa ubeti, na jina lako ulitaje.

Huyo mwanamume alikuwa mkulima wa zabibu kule Hombolo, asili yake Kondoa, mjane wa kiume. Hakuficha ujane wake. Muislamu anayelima zabibu huku kwetu huulizwa swali lile lile la mvinyo na kila mtu, na yeye alikuwa akijibu kabla hajaulizwa, “Zangu zinaliwa kwa meno.” Nilimpenda kwa jibu hilo kwanza. Halafu asubuhi moja, nikiwa na pini mdomoni, simu ikalia, nikasoma:

Mzabibu wa shambani, mimi nimekuchagua,
Nguzo nimetia chini, waya nimezifungua,
Nipandie mabegani, ushike utachanua,
Mzabibu njoo ndani, nje limeshawaka jua.

Loo! Nilizitema pini zote. Wanaume waliokuwa wakinitafuta walikuwa wakiniita waridi, na mimi waridi nimeliona kwenye picha. Huyu alinipa mmea wa nchi yangu, mmea ninaoujua, unaostahimili ukame wa Dodoma na bado ukatoa tunda tamu. Tena alikuwa hajaniita pambo. Alijiita nguzo na kuniomba nimpande. Nilikuwa na umri ambao shangazi zangu walikuwa wameanza kuniombea dua kwa sauti. Siku ile ile nikamjibu kwa vina vyake: nimesikia jamani, na wito nimetambua, nimekuja na majani, mizizi nimeitua. Chini yake, mahali pa jina langu, nikaandika Mzabibu.

Kikundi kikalipuka kwa pongezi. Mtu mmoja tu hakupongeza, bibi mmoja wa pale mjini, mkubwa wetu katika utunzi, aliyekuwa akitunga tangu enzi za kutuma mashairi redioni kwa barua. Huyo alinipigia.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba. Wewe si fundi nguo?”

“Ndiye mimi, bibi.”

“Mteja akikuletea gauni ukalipunguze, unajuaje kama ni jipya au limeshavaliwa?”

“Nalipindua nje ndani. Makwapa husema yote.”

“Na hili ulilovaa leo umelipindua?”

Hasira zangu zikapanda. Niliona ni wivu wa kizee. Nikamwambia kwa heshima ya juu juu kwamba mshairi mpya huwa anasemwa, kwamba asante, kwamba nina kazi ya watu. “Uliza tu, mwanangu,” akasema. “Kuuliza hakupunguzi mahari.” Sikuuliza. Posa ikaja, mahari ikatolewa, nikashona gauni langu mwenyewe.

Nilifika Hombolo mchana wa jua kali, upepo umetulia. Wanawake walikuwa wamejipanga uani kunipokea, Warangi kwa Wagogo, na vigelegele vilikuwa vya kweli. Lakini mama mmoja jirani aliponishika mikono alinitazama akaniambia, “Umerudi?” Nikadhani Kiswahili kimempiga chenga, kwao pale Kigogo ndicho cha nyumbani. Nikasema, “Nimefika, mama.” Akatikisa kichwa akacheka, akampisha mwenzake, na mwenzake naye akasema vile vile, “Umerudi, eh? Karibu.”

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka chini ya kivuli cha jiko. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu wa mtoto wa jicho. Nikapiga magoti, nikampa shikamoo. Akanipapasa uso, akashuka mabegani, akaichukua mikono yangu akaigeuza juu na chini kama mtu anayekagua viazi sokoni. “Vidole vimekuwa vigumu,” akasema, “lakini ni yeye.” Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anatabasamu, machozi yanamlengalenga.

Kivuli kile cha jiko kilikuwa cha mzabibu. Shina lake lilikuwa nene kama paja la mtu, limepanda ukutani, limetambaa juu ya bati, limefunika jiko lote na kuanza kuelekea chumbani kwetu. Shambani mizabibu yote ilikuwa imekatwa vizuri, imefungwa kwenye waya kwa mistari iliyonyooka. Huu peke yake ulikuwa umeachwa. Nilipouliza mbona haukatwi, alisema, “Huo ni mama yao.” Kisha akanieleza, kwa furaha ya mtu anayependa kazi yake, kwamba zabibu huku haipandwi kwa mbegu. Unakata pingili za mti mzima, unazichomeka ardhini, zinashika. Shamba lake lote, kila mstari niliokuwa nauona hadi kule bondeni, lilikuwa limetoka kwenye shina hilo moja.

“Kwa hiyo yote ni mti mmoja?” nikauliza.

“Ni mmoja,” akasema. “Umetembea tu.”

Sikupenda jibu lile, ila sikujua kwa nini, nikaenda kuwasha moto.

Siku za mwanzo nilikuwa na raha, nisimsingizie. Alikuwa mpole, hajui kufoka, asubuhi ananiletea maji ya kuoga yenye uvuguvugu. Alikuwa akiniita Mzabibu. Mzabibu, chai tayari. Mzabibu, nimechelewa. Fungate huwa hivyo, nikasema, atachoka. Mama mkwe naye akaniita Mzabibu, na majirani, na muuza mboga, na hata wanafunzi wa chuo cha pale Hombolo waliokuwa wakija kununua zabibu kwa kilo. Nikienda lamboni kufua, wanawake walinipisha kwenye jiwe moja lililo bapa na kusema, “Kaa pako.” Nilipokaa, jiwe lilikuwa limelika mahali pa magoti, na magoti yangu yakaingia sawasawa.

Kulikuwa na mambo mengine ambayo hata sasa nikiyasema mwili hunisisimka. Nilikuwa najua vitu vilipo. Sikuwa nimeonyeshwa, lakini mkono ulikuwa ukienda wenyewe juu ya kabati ukashika kibiriti, ukaenda nyuma ya gunia ukatoa ungo. Nilijiambia kila mwanamke mwenye akili huweka kibiriti juu ya kabati. Nilijiambia mengi. Mchana, mume wangu akiwa shambani na mama mkwe amesinzia, nilikuwa nasikia majani juu ya bati yakisogea, upepo hakuna. Jua lilikuwa linawaka hadi kuku wamekaa wamefungua midomo, na majani yanasogea polepole, kama mtu anayejigeuza kitandani.

Siku moja nikamwambia mume wangu, kwa upole nisiouzoea, “Niite jina langu.”

Akacheka. “Si ndilo hilo? Mwenyewe umeliandika.”

“Nililopewa na mama yangu lipo. Unalijua, ulilisoma mbele ya shehe.”

“Mzabibu,” akasema, akinishika shavu, “kwa jina lako wameitwa watu wengine vile vile, wengi tu. Hili nimekupa wewe peke yako.”

Nikanyamaza. Mimi! Nikanyamaza kwa sababu lilikuwa jambo zuri, na nilikuwa nalitaka liwe kweli.

Ukafika msimu wa kukata. Nilikuwa sijawahi kuona. Wanakata matawi yote na mkasi, shamba linabaki vijiti vitupu vimesulubiwa kwenye waya, ungedhani moto umepita. Na kesho yake mizabibu inalia. Si maneno ya kishairi, inalia kweli. Kila mahali palipokatwa panatoka tone la maji safi, linaning'inia, linaanguka, linakuja lingine. Nilitembea katikati ya mistari ile asubuhi, pande zote nasikia tii, tii, tii, ardhi kavu inameza. Ulikuwa uchungu mtamu. Ubeti ukanijia wenyewe, na mimi ubeti ukinijia hauna subira. Mume wangu alikuwa ameinama mstari wa pili, akifunga waya. Nikamwita ili aupate wa moto.

“Sikiliza,” nikasema. “Chozi langu la shinani...”

Naye, bila kuinua kichwa, akamalizia, “ni maji ya kuchipua.”

Hilo ndilo nililotaka kusema. Neno kwa neno. Nilikuwa sijalitamka kwa mtu, lilikuwa halijafikisha hata dakika kichwani mwangu.

“Umelitoa wapi hilo?”

“Si uliniambia wewe.”

“Lini?”

Akainua uso. Alinitazama vizuri, halafu macho yake yakanivuka yakaenda nyuma yangu, kule jikoni, kwenye shina. “Zamani,” akasema. Akarudi kufunga waya.

Nilikwenda Dodoma kesho yake, nikasema mama anaumwa. Sikwenda Mkonze kwanza, nilikwenda moja kwa moja kwa yule bibi mshairi. Nikamkuta barazani anamenya kitunguu saumu. Sikumaliza hata salamu, nikamwambia yote, na nilipofika kwenye ule mstari wa chozi akaweka kisu chini.

“Huo ni wa marehemu,” akasema. “Mke wake wa kwanza. Alimjibu nao hapa hapa barazani kwangu, kabla hamjawa na simu za kuandikiana. Alimvisha mzabibu, mwenzio akauvaa. Alipokufa, kwenye arobaini, mumewe alisimama akasoma kwamba mzabibu uliokatwa haujafa, mvua itanyesha utarudi. Hombolo nzima ililia. Wewe ulipoitika kwa jina lile, ulitaka wakuambie nini kama si umerudi?”

Ndipo nikajua jiwe la lamboni lililika kwa magoti ya nani. Damu ikanichemka. “Kwa hiyo kaniibia mimi au kamwibia yeye?”

“Hajaiba. Amekwama.” Akachukua kisu tena. “Na wewe hujamwigiza mtu. Ukishakubali kuwa mzabibu, utasema nini kingine? Utashika nguzo, utakatwa, utalia, utazaa. Njia ni ile, yeyote akiingia atapita humo humo. Ndiyo maana sitara huwa mtu hairudii. Anayeirudia hatafuti mke, anataka wa kwanza aitike.”

Nikaenda Mkonze, nikamlilia mama. Mama hakunibembeleza, hana tabia hiyo. Alinisikiliza, kisha akasema jambo ambalo sikuwa nimelifikiria miaka yote ya ubeti wa baba. “Baba yako alinigeuza taa, akanigeuza mtungi, akanigeuza ndege. Nilikuwa nachukia kidogo, naona hajui anachotaka. Kumbe alikuwa ananitazama kila siku, na kila siku mimi si yule wa jana. Na njaa ikimshika alikuwa ananiita jina langu kwa sauti ya mtaa mzima.” Akanifuta kamasi kwa ncha ya khanga yake. “Rudi ukavue,” akasema. “Ukishindwa, chumba chako kipo.”

Nafasi ikaja kwenye walima, jirani wa Hombolo alikuwa anaoza binti yake. Baada ya pilau, alasiri, watu wakapiga makofi wakitaka mume wangu na mimi tujibizane kama ilivyo kawaida yetu washairi. Wale wa kikundi walikuwapo, na yule bibi aliletwa na mjukuu wake, amekaa mbele. Mume wangu akaanza kwa beti zake, nzuri kama siku zote, Mzabibu huyu, Mzabibu yule. Nikasimama. Sauti yangu ilikuwa haitetemeki, nashukuru kwa hilo.

Nilivaa hadharani, hadharani ninavua,
Sitara ya kaburini, mwenyewe aje chukua,
Mimi sio wa shambani, jina langu ninajua...

Na kwenye mstari wa nne nikalitia jina langu na la baba yangu. Lilinitoka mdomoni likiwa na ladha ya ajabu, kama dawa uliyowahi kunywa utotoni.

Hakuna aliyepiga makofi. Kisha bibi kizee mmoja wa pale, aliyekuwa amesinzia, akauliza mwenzake kwa sauti kubwa, “Huyo ni nani?” Mwenzake akamjibu, “Sijui. Nilidhani ni yule.”

Adabu yetu ilimtaka mume wangu ajibu. Akasimama. Akafungua mdomo. Mtu yule, ambaye ubeti ulikuwa ukimtoka kama jasho, alisimama pale mbele ya watu akatafuta neno asilipate, akakaa. Nilimwonea huruma. Nilikuwa nampenda, hilo ndilo watu hawakulielewa. Nisingekuwa nampenda ningeondoka zamani, na mlango ningeubamiza.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Jua lilikuwa bado lipo juu ya mlima. Tulipoingia uani nikasikia sauti juu ya bati la jiko. Tii. Tii. Nikatazama juu. Lile shina nene, ambalo hakuna mkasi uliokuwa umeligusa tangu niolewe, lilikuwa linalia. Matone yalikuwa yanatoka mahali ambapo sikuona jeraha, yanashuka kwenye mfereji wa bati, yanaanguka mlangoni pangu. Na mimi ndiye niliyesema mwenyewe aje kuchukua. Ulimi huu! Nikasimama nje, nikashindwa kuvuka kizingiti changu mwenyewe.

Mume wangu hakunitazama. Akaingia stoo, akatoa mkasi na msumeno, akapanda juu ya jiko. Alikata hadi magharibi. Matawi yalikuwa yanaanguka uani na majani yake mabichi, na yeye huko juu alikuwa analia kwa sauti, kilio cha mtu aliye msibani siku ya kwanza. Mama mkwe alikaa kwenye mkeka wake akisikiliza. “Anazika,” akaniambia. “Muache.”

Baada ya hapo hakuniita kitu. Mzabibu hakusema tena, na jina langu lilikuwa halimtoki. Alikuwa anasema, “Sikia,” au, “Wewe,” au anakohoa kwanza. Nilikuwa namwona anajaribu. Alikuwa anasimama mlangoni midomo inacheza, kisha anaomba chumvi. Nami sikumsukuma. Nilifanya kazi zangu, nikamwagiza mtu aniletee cherehani yangu kutoka Mkonze, nikaiweka pale palipokuwa na kivuli. Sasa palikuwa na mwanga mwingi. Majirani walikuwa hawajui waniiteje, wakawa wananisalimia tu, “Mbukwenyi,” na kupita. Lile jina la sitara nilikuwa nimelivua, na bado nikimsikia mtu mbali anataja mzabibu, hata kama anauza, shingo yangu iligeuka.

Sasa ndipo nafika pale nilipotaka kufika.

Ilikuwa mchana, saa za kupika. Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka karibu yangu, anachambua kunde kwa vidole. Mimi nilikuwa nasonga ugali. Kutoka shambani nikasikia sauti ya mume wangu inamwita mwanamke. Alikuwa anaita kwa nguvu, kwa furaha, kama mtu aliyeangusha mzigo mzito, na jina lenyewe lilikuwa zuri, jina la kimjini. Alilisema likajaa bonde zima. Nikaacha kusonga.

Wivu ulinipanda kutoka miguuni. Nikasema, kumbe! Kumbe miezi yote hii anayenyamaza kwangu ana mtu mwingine, tena anamwita mchana kweupe, mbele ya mama yake, kwa sauti ambayo mimi niliomba na sikupewa. Akaita tena. Mwiko uko mkononi, ugali unaungua, nimetega sikio nisikie ni nani huyo atakayeitika, na anatokea upande gani. Kimya. Akaita mara ya tatu, na safari hii furaha ilikuwa imepungua kwenye sauti.

Mama mkwe akainua uso wake wenye ukungu, akanigeukia.

“Mwanangu,” akasema, na akalitaja lile jina, taratibu, na la baba yangu nyuma yake, ili nilisikie. “Mbona huitiki? Si unaitwa wewe?”